TAHADHARI: "Okapi mpya ya Mjerumani" inayouzwa mtandaoni ni feki, imemkata kijana wangu kidole

Ndugu zangu madereva, mautingo, wavuvi, wafugaji na kila anayeshinda na kisu mfukoni, nawaomba msome hili hadi mwisho. Kuna muuzaji anazunguka kwenye kurasa za mauzo na magrupu ya WhatsApp akiuza visu vya kukunja kwa jina la Okapi. Mimi alinila 65,000. Hela ningesamehe, maana hela inatafutwa. Lakini kisu chenyewe kilijifunga kikiwa kazini, kikamkata utingo wangu, na najua zipo mikono mingine inashika kisu hicho hicho leo.

Naendesha lori la mbao, napakia Mafinga nashusha Dar. Kazi hii haiendi bila kisu. Unakata kamba ya manila, unachana tyubu kuukuu upate mipira ya kufungia mzigo, unatoboa turubai upitishe kamba, jioni unamenya chungwa kwa kisu hicho hicho. Kwa miaka mingi nilitumia Okapi aliyoniachia marehemu baba, ile ya mpini wa mbao uliopigiliwa mwezi na nyota za chuma, yenye pete mgongoni. Imenolewa mpaka bapa limeliwa, limebaki upana wa kidole cha mwisho. Nikaanza kutafuta nyingine ya aina ile ile, na hapo ndipo nilipokutana na tangazo.

Tangazo lilisema: Okapi mpya kabisa, orijino, ya Mjerumani, ina muhuri wa Solingen (mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu), chuma hakishiki kutu maisha. Nikamwandikia. Akajibu dakika hiyo hiyo: "Boss wangu, zilikuja chache, zimebaki tatu tu. Tuma nusu nikuwekee, nyingine utalipa mzigo ukiwa stendi." Wakati wa kutuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka wala halikufanana na lake. Nikamuuliza. Akasema ni la shemeji yake, ndiye anayetunza hesabu. Nikatuma. Siku ya pili akanitumia picha ya bahasha ikiwa juu ya kaunta ya basi, akanitaka nimalizie ndipo anipe namba ya mzigo. Makubaliano yalikuwa nilipe nikishakiona. Nikamalizia hivyo hivyo, kwa sababu nusu ya pesa yangu alikuwa nayo tayari. Huo ndio mtego wenyewe: ukishatoa ya kwanza, unatoa ya pili kuiokoa ile ya kwanza.

Kisu kilifika. Kwenye boksi kilipendeza. Nilikifungua, nikasikia meno yake yanalia krr, krr, krr kama ya baba, nikaridhika. Sikukibana, sikukitikisa, sikukijaribu kwa lolote.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunashuka na mbao, tukasimama Ruaha Mbuyuni kukaza mzigo baada ya mteremko wa Kitonga. Mpira mmoja ulikuwa umelegea. Kijana wangu akakaa chini, akabana tyubu kwa mguu, akachomeka ncha ya kisu ili achane kipande kirefu. Tyubu ya lori ni nene, inabana bapa pande zote mbili. Ncha ikanasa, akasukuma kisu mbele ili aichomoe. Nikasikia mlio mdogo, tak, kama wa kiberiti kinachovunjika. Springi iliruka kutoka kwenye jino, bapa likarudi kwenye mpini, na kidole cha shahada kilikuwa njiani. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kaka, kimejifunga," akashika mkono wake kwa mkono wa pili, na damu ikaanza kupita katikati ya vidole. Alishonwa nyuzi sita. Mpaka naandika hapa kidole hakikunji sawasawa, na huyu ni mtu anayekula kwa mikono yake.

Niliporudi Mafinga nilikipeleka kwa fundi mmoja anayetengeneza mashoka na mapanga. Alichonionyesha ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza alipitisha tupa kwenye makali, taratibu, bila kukandamiza. Tupa ikala chuma kama inakula bati. Akasema, "Hiki hakina matiko." Chuma cha kisu kinachomwa moto, kinazimwa ghafla kwenye mafuta au maji, kisha kinapashwa tena kidogo ili kisiwe kigumu cha kukatika kama kioo. Bila kazi hiyo, bapa linang'aa vizuri lakini ni laini, ukikata kamba mbili makali yanalala upande. Wazungu wanapima ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha kazi huwa karibu na 55 hadi 60, na Victorinox wa Uswisi wanaweka bapa zao kwenye 56. Hicho chetu hatukukipima kwa mashine, lakini tupa inatosha kukuonyesha kitu laini kiasi kile.

Pili, tukaangalia meno. Okapi ya pete ina meno kwenye shina la bapa, na springi ya mgongoni inadondokea kwenye meno hayo ukifungua. Ya baba, pamoja na uzee wake, meno yana kona kali, na springi ni ngumu mpaka pete inakuuma kidole ukiivuta. Ya tapeli, meno yalikuwa ya mviringo kama yamesuguliwa na msasa, na springi unaibonyeza kwa ukucha inainuka. Ule mlio wa krr krr ulikuwepo, lakini hapakuwa na kitu kinachoshika. Ribiti ya katikati nayo ilikuwa imelegea, ukishika ncha kisu kinacheza kushoto na kulia. Niseme ukweli wote: hata Okapi halali huwa inacheza kidogo, ni kisu cha bei ya mtu wa kawaida. Lakini kucheza na kufyatuka ni vitu viwili.

Sasa kuhusu huo "Ujerumani". Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, zikiletwa kwenye makoloni yake ya Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Ndiyo maana wazee wetu wengi walizijua kama kisu cha Mjerumani. Lakini mwaka 1988 jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo zinatengenezwa huko. Kwa hiyo mtu akikuambia leo ana Okapi MPYA kutoka Ujerumani, umeshamkamata. Akiwa na ya zamani, sawa, lakini ya zamani haitakuwa inang'aa kama kijiko cha harusi, wala hawezi kuwa nazo katoni nzima. Halali ya Afrika Kusini haina aibu yoyote. Ningeuziwa hiyo kwa bei yake ningeshukuru.

Na hilo la "hakishiki kutu maisha" lingenishtua mapema. Okapi ya pete niliyokua nayo ni chuma cha kaboni. Ukikatia kitunguu au chungwa bapa linageuka rangi, linaingia weusi-weusi, na ukiiacha na maji inashika kutu. Unaifuta, unapaka tone la mafuta, maisha yanaendelea. Ukiona Okapi ya pete inayong'aa kama kioo, uliza maswali.

Nilimtumia muuzaji picha za kisu na za mkono wa kijana. Alisoma, hakujibu siku nzima. Jioni akaniandikia, "Pole boss, hiyo ilikuwa batch mbaya, niongezee 40,000 nikupe ya Dameski." Akanitumia picha ya kisu chenye mistari ya mawimbi. Nilimwonyesha fundi, akaniambia nikuze picha niangalie mgongo wa bapa. Chuma cha Dameski cha kweli ni matabaka yaliyounganishwa kwa moto na nyundo, kwa hiyo mistari inavuka mgongo na kutokea upande wa pili. Kwenye picha ile mgongo ulikuwa mweupe tupu. Mistari imechorwa juu kwa tindikali, ni urembo tu. Nilipomwambia, akaniblock. Hapo ndipo yalipokufa mazungumzo.

Nimeulizwa na wenzangu wa barabarani wanunue nini basi. Nitasema ninachokijua.

Kwa kazi ngumu, anza na kufuli ya kisu, bapa baadaye. Visu vingi vya kukunja havina kufuli kabisa, vinashikwa na springi tu. Victorinox ndogo tulizozoea, zile nyekundu za mfukoni, ni za aina hiyo: nzuri mno, chuma chake hakina shaka, lakini hazikutengenezwa kwa kuchoma kitu kwa nguvu. Wana kubwa za milimita 111 ambazo bapa linafungwa, hizo ndizo za kutafuta. Opinel ya Ufaransa ina bangili ya chuma shingoni, unaizungusha bapa linakaa. Ni ufundi wa mwaka 1955 na mpaka leo haujashindwa. Ni nyepesi, bei yake haitishi, na makali yake yanafika haraka kwenye jiwe. Tatizo lake ni mpini wa mbao: ukilowa unavimba, bapa linakuwa gumu kutoka. Wavuvi, hilo liwaingie akilini. Mwenye uwezo zaidi kuna Buck 110 ya Marekani, ipo tangu 1964, kufuli yake iko mgongoni, nzito mfukoni lakini ukiifungua unasikia mlango wa benki. Zote hizi zina feki zake, kwa hiyo jina peke yake lisikutoshe.

Kikiwa mkononi, kabla ya pesa kutoka, fanya hivi. Kifungue, shika mpini kwa pembeni ili pasiwe na kidole kwenye njia ya bapa, halafu bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, pole pole, ukiongeza nguvu. Kufuli ikilegea hata kidogo, rudisha. Usikipige pige mezani, unaweza kuharibu hata kizima. Shika ncha, tikisa pande zote. Kifunge, kiangalie kwenye mwanga: bapa likae katikati ya mpini bila kugusa ukuta. Ukiwa na sumaku, iguse. Isiponasa, kiache, chuma cha namna hiyo hakiwezi kutiwa matiko kwa moto. Ikinasa bado haijathibitisha chochote, hata kile changu kilinasa. Maneno kama "stainless" au "chuma cha hospitali" yaliyogongwa kwenye bapa bila namba ya chuma wala jina la kiwanda hayana maana yoyote, kila mtu anaweza kugonga. Kamba ndiyo shahidi. Muombe muuzaji kipande cha manila, kata mara kumi au kumi na tano, kisha jaribu makali kwenye karatasi. Muuzaji anayekukatalia kukata kamba, wewe mkatalie pesa.

Na kama ni lazima ununue kwa mbali, lipa mzigo ukiwa mbele yako stendi, umeshaufungua. Hakuna nusu. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri. Shemeji, mhasibu, dada wa dukani, yote hayo ni nyimbo. Namba yake nimeshaituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na risiti na boksi nimepeleka Tume ya Ushindani kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao. Waliotapeliwa nao wafanye hivyo, lalamiko moja linakaa mezani, kumi yanasomwa.

Sitaweka namba yake hapa kwa kuwa anabadilisha laini na jina la ukurasa. Mtamjua kwa haya. Picha yake kuu ni kisu kilichoshikwa na mkono wenye glavu nyeusi, na nyuma yake kuna theluji. Anasema duka liko Kariakoo lakini hatoi mtaa. Nilikwenda, nikazunguka wauza visu nusu siku, hakuna anayemjua. Daima zimebaki tatu. Kwenye kisu chenyewe neno SOLINGEN limechapwa kwa wino, ukisugua kwa kidole chenye mafuta linafutika, na nyota za mpini ni stika, zinabanduka kwa ukucha. Nyota za kisu cha baba nimejaribu kuzibandua jana usiku, hazikutikisika. Mwenye kisu cha aina hiyo asikitumie hata kumenya chungwa, na anitumie picha ya bapa na ya bahasha tuziongeze kwenye lalamiko.