Mzuka wa angani: urekodi ukianguka kweli, au ndani ya ndege iliyoegeshwa?
Filamu ya mzuka unaowaandama warukaji wa parachuti, na fedha ni kidogo. Njia ya kwanza ni kuruka kweli, kamera zikifungwa kwenye kofia. Ukitoka mita 4,000 unaanguka kwa takriban dakika moja tu kabla ya kufungua parachuti, kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Mashavu yanapepea, nguo zinapigapiga, hayo hayaigiziki. Lakini upepo unameza sauti, hivyo mayowe utayarekodi baadaye studio. Tukio likiharibika, ni kupanda na kulipia ndege upya. Tena waigizaji lazima wawe warukaji wazoefu, na hapo usalama hauna mjadala.

Njia ya pili ni ndege iliyoegeshwa, taa, moshi na watu wa kuitikisa kwa nje. Hapa unaupata uso kwa karibu, mnong'ono, kiti kilichokuwa kitupu ambacho sasa kina mtu. Mimi nachagua hii bila kusita, maana hofu huanza kabla mlango haujafunguliwa: wamepanda saba, anayewahesabu anapata wanane. Anga ningeiwekea mruko mmoja tu, ule wa mwisho.