Kuripoti mlungula ukiwa Malindi au Amu (Lamu): huduma ya EACC tumeipima

Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ya Kenya, EACC, ina ofisi ya kanda Malindi, kwa hivyo mkaazi wa Malindi hana udhuru wa umbali. Mwenye kazi ni mtu wa Amu: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Huyo tunamshauri aanze na simu ya bure, 1551, au mtambo wa kuripoti bila jina ulio kwenye tovuti ya tume.

Mtambo huo tunausifu. Ukishaandika taarifa, fungua sanduku la siri kwa jina la kubuni na nywila. Ukiliruka sanduku, mpelelezi hana njia ya kukuuliza swali la pili, na nywila ikipotea ni vivyo hivyo. Usitumie kompyuta ya ofisi unayoiripoti. Picha ya simu nayo huweza kubeba saa na mahali ilipopigwa.

Kuandika "ofisi ya ardhi wanakula" hakumsaidii mtu. Andika cheo, dirisha, tarehe, saa, kiasi, na maneno yenyewe: "leta elfu tano faili itoke." Kama pesa zilitumwa kwa simu ya dalali, hifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Ikiwa umeombwa na hujatoa, nenda ofisini upesi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mpaji na mpokeaji: kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Wewe ukishalipa, hata kwa kulazimika, umejitia mashakani.

Hapo ndipo mtego wa kumnasa afisa hupangwa. Mlalamishi hupewa kinasa sauti ili ombi la afisa lisikike. Noti hunakiliwa nambari, hupakwa unga maalum, na afisa akizishika mikono yake hupanguswa kwa pamba, kisha pamba huenda kwa mkemia wa serikali. Kosa baya ni mlalamishi kuanza yeye kutaja pesa, maana wakili wa upande wa pili atasema mteja wake alishawishiwa. Mwache afisa aseme mwenyewe. Rekodi nayo huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilivyotengenezwa, na mazungumzo ya Kigiriama lazima yatafsiriwe sawasawa. Kama ulijirekodia kwa simu yako, usikate hata sekunde moja, na usiiuze simu hiyo.

Udhaifu upo. Tume huchunguza, haishtaki. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na faili huweza kukaa sana. Tena mtego humaliza siri, kwani utaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Kumtisha mtoa taarifa ni kosa la faini isiyozidi milioni moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kwa mji kama Amu, ambako afisa na mlalamishi huenda wanaswali msikiti mmoja, adhabu hiyo tunaiona nyepesi mno. Uliza habari za ulinzi wa mashahidi siku ya kwanza, kabla ya kutia sahihi maelezo yako.

Ukicheleweshwa tu na hujaombwa kitu, mlango wako ni Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman).