Mara ya kwanza na gari lako kwenye uwanja wa mbio: Nordschleife au Brands Hatch?

Nordschleife, kule Nürburg nchini Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1927 na ina urefu wa karibu kilomita 21. Siku za wazi kwa umma unalipia kila mzunguko, unaingia na gari lako. Kisheria ni barabara ya kulipia: helmeti si lazima, kushindana ni marufuku, na gari jingine hupitwa kwa kushoto tu. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi. Kona ni nyingi mno kukariri kwa siku moja, na vizuizi vya chuma viko karibu na lami. Ukivigonga, gharama ya kuvitengeneza ni yako.

Brands Hatch, Uingereza, mzunguko wake mfupi haufiki kilomita 2. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inateremka ghafla na itakutisha, lakini dakika mbili hazipiti kabla hujairudia. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza! Asubuhi mnapewa maelezo ya usalama, helmeti ni lazima, kelele za gari hupimwa, na unaweza kukodi mwalimu akae kando yako.

Mimi ningeanza Brands Hatch bila kusita, na fedha za tairi mpya ningempa mwalimu.

Popote uendako, soma bima yako. Nyingi hazilipii ajali za uwanjani. Badilisha mafuta ya breki: yaliyozeeka yana unyevu, yakichemka pedali inazama hadi chini. Mzunguko wa mwisho nenda taratibu breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono.