Theravada na Mahayana: bakuli moja, safari mbili

Theravada na Mahayana ni madhehebu mawili makuu ya dini ya Ubudha. Mizizi ni ileile: maisha yana mateso, chanzo chake ni tamaa, tamaa inaweza kuzimwa, na njia ya kuizima ina hatua nane. Tofauti ni safari.

Theravada ilielekea kusini. Katika karne ya 3 KK, mfalme Ashoka wa India alimtuma mtawa Mahinda Sri Lanka. Baadaye mafundisho yakaenea Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia. Hata Dar es Salaam lipo hekalu lao, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka. Lengo kuu ni kuwa arahati, yaani mtu aliyejikomboa kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa upya.

Mahayana ilipita Njia ya Hariri hadi China, kisha Korea na Japani. Shujaa wake ni bodhisatva, anayeapa kuwavusha viumbe wote, si nafsi yake tu. Zen ni tawi lake mojawapo. Wa Tibet wana mkondo wao, Vajrayana, nao una hadithi ndefu ya peke yake.

Ukitaka kuziona tofauti hizi kwa macho, tazama chakula. Alfajiri kule Luang Prabang, mji wa Laos, watawa wa Theravada hupita pekupeku wakipokea wali bakulini. Wakipewa nyama hula, mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili yao; adhuhuri ikipita, hawali tena. Watawa wa Mahayana kule China nyama hawagusi kabisa, na baadhi hujilimia mboga zao.

Binafsi, bodhisatva ananivutia zaidi, ila nidhamu ya lile bakuli naihusudu.