Waranti ya hadidiski: uzoefu wangu kutoka Mwanjelwa hadi Kariakoo

Nina steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya. Tunachapa ripoti za wanachuo, mitihani ya shule za jirani na picha za paspoti. Kazi zote zilikuwa kwenye kompyuta moja ya mezani, yenye hadidiski ya terabaiti 1 niliyoagiza ikiwa mpya kutoka duka moja la Kariakoo. Waranti miaka 2. Baada ya miezi 14 ikaanza kuumwa.

Kabla ya mlio wowote kulikuwa na uzito. Ripoti ya kurasa 20 ikawa inachukua dakika nzima kufunguka. Wiki iliyofuata ndipo nikasikia tik, tik, kimya, halafu tik tena, hasa asubuhi kabla mashine ya fotokopi haijawashwa. Kijana wangu wa dukani akasema ni virusi. Nikamwita fundi wa jirani.

Hakugusa hata bisibisi. Aliweka CrystalDiskInfo, programu ya bure, ikatoa rangi ya njano badala ya bluu. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa C5: hizo ni sehemu za diski zilizoshindwa kusomeka. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na sifuri nyingi, kisha 18.

"Mama, hiyo usiisome kumi na nane. Hapa wanahesabu kwa kumi na sita: ile 1 ni kumi na sita, ongeza 8, ni 24."

Jioni iliandika 90, yaani 144. Akanikataza kuzima na kuwasha, akanikataza pia kuiamuru Windows irekebishe diski, maana kazi hiyo inaichosha diski ambayo tayari ni mgonjwa. Tunakili kwanza. Tukaanza na mitihani na ripoti, miziki ikasubiri. Folda iliyokwama tuliiruka, tukairudia usiku. Karibu vyote viliokoka, isipokuwa picha za harusi za mteja mmoja ambazo hazikusomeka kabisa. Nilimpigia simu mwenyewe kumwambia. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na hakuna waranti inayolifidia. Waranti niliyopewa inarudisha chuma, haihusiki na kilichomo ndani.

Nilikuwa nishaanza kutafuta boksi la kuirudishia diski Kariakoo nikakumbuka kuwa ndani mna mitihani ambayo wanafunzi hawajaifanya, na sura za watu chungu nzima. Kufuta kwa kawaida hakutoshi, mtu akipata programu ya kurejesha anavitoa. Ikabidi diski yote iandikwe sifuri juu yake, kazi ya usiku kucha.

Hapa fundi alinisaidia kuliko mahali pengine popote. Alisema nipige picha ile skrini kwanza, namba ya utambulisho ya diski (serial number) ionekane pamoja na ile C5. Diski ikiandikwa upya, zile sehemu mbovu huhamishiwa kwenye akiba yake, C5 inaweza kurudi sifuri, na kwa anayeitazama haraka inaonekana nzima. Kilichopanda ni mstari wa 05, unaohesabu sehemu zilizokwisha kubadilishwa.

Risiti ya EFD nayo ilikuwa imefifia, karibu nyeupe tupu. Bahati nzuri niliitoa fotokopi siku ile ile niliyoipokea. Nikaifunga diski kwa sponji la godoro pande zote, nikaipeleka stendi, ikapanda basi la Dar. Kwa mlima Kitonga na matuta yote yale ya njiani, gazeti halitoshi.

Siku ya 9 watu wa duka la Kariakoo wakanipigia. "Dada, tumeipima diski yako, haina tatizo."

Nikawatumia zile picha, nikawaomba watazame mstari wa 05. Kesho yake wakakubali, bila maneno makali. Diski ya kubadilisha ilifika Mbeya siku ya 27. Kutuma nililipa mimi, kurudisha walilipa wao. Siyo mpya, lebo yake inasema imekarabatiwa kiwandani, na waranti haikuanza upya, inaendelea na ile miezi 10 iliyobaki. Hayo mawili hakuna aliyenieleza siku ya kununua, na nimewaambia hivyo.

Nitanunua tena kwao? Ndiyo. Walipoonyeshwa ushahidi hawakukana, na simu zangu walipokea kila mara. Lakini siku 27 ni nyingi kwa mtu anayekula kwa kompyuta. Wiki ile ile ilibidi ninunue diski nyingine hapa hapa mjini ili kazi isisimame.

Ile iliyotoka Dar sikuipa kazi ya kila siku. Nimeiweka kwenye kasha la USB, kila jioni kabla ya kufunga duka naichomeka na kunakili kazi za siku, na Jumatatu naangalia C5 yake. Mpaka wiki hii ni sifuri.