Ofa za Ramadhani: bei ya rafu siyo bei ya keshia

Mimi ni mtu wa ofa, na sioni haya kusema. Nasoma vipeperushi, nasoma ujumbe wa simu mpaka mwisho, najua ni wakati gani wa mwezi sabuni inashuka na wakati gani usiguse sukari. Ndivyo nyumba yangu inavyokwenda. Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kudharauliwa kwa sababu ya pesa yangu mwenyewe kama nilivyodharauliwa kwenye supamaketi moja hapa Mombasa, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Jina silitaji. Kila niliyemhadithia ana kisa chake cha duka jingine, kwa hivyo msiniulize ni wapi, angalieni risiti zenu.

Wasio wa huku waelewe kwanza kwa nini mtu anagombania mafuta ya kupikia. Ramadhani nyumba ya Mombasa haiendi kwa bajeti ya kila siku. Mchana jiko limelala, lakini ikikaribia magharibi ni kaimati, viazi karai, bajia, sambusa, na bado daku inakungoja. Vyote hivyo ni unga wa ngano, sukari na mafuta, na mafuta ndiyo yanayomaliza pesa. Mbaazi, nazi, ndizi na viazi nachukua soko la Kongowea, huko hakuna supamaketi itakayonidanganya kwa bei. Lakini tende za boksi, tambi, unga, sukari, maziwa na mafuta, hapo ndipo ofa inapookoa mtu. Ukipata mafuta kwa bei nzuri kabla ya mwezi kuanza, umeshapumua nusu ya Ramadhani.

Na wao wanajua. Wanatundika mapambo ya kijani yenye mwezi na nyota, wanazijenga tende mlangoni kama mnara, wanatuma ujumbe. Nitasema ukweli: tende zao zilikuwa na punguzo la haki. Unga wa ngano vilevile, ulikuwa chini hata ya duka la jumla ninalonunua siku zote. Nilifurahi, tena niliwapigia dada zangu kuwaambia waje. Ofa mbili za kweli zikakufanya uiamini ya tatu.

Ya tatu ilikuwa mafuta, dumu la lita tatu. Chini yake karatasi ya njano imechomekwa kwenye ule ukingo wa plastiki wa rafu: 965 imekatwa mstari, na 799 kwa wino mwekundu, kubwa, unaisoma kutoka mwanzo wa njia. Chini kabisa, kwa herufi za mdudu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Niliinama nikazisoma. Ofa ilikuwa imeanza na ilikuwa na siku zake mbele. Nikasoma na jina la mafuta, nikasoma na ujazo, kwa sababu maduka haya nayajua: karatasi ya lita mbili inaweza kukaa chini ya dumu la lita tatu siku nzima na asiwepo wa kuitoa. Haikuwa hivyo. Kila kitu kililingana. Nikapiga picha kwa simu, nikatia madumu mawili kwenye toroli.

Nilikuwa pia na kuponi, ile inayotumwa kwa wenye kadi ya pointi. Nunua vitu vya shilingi 3,000 na zaidi, unapunguziwa 200. Masharti mafupi tu: bidhaa zilizo kwenye ofa hazihesabiwi. Sawa. Hilo nimelizoea na silipingi, duka haliwezi kukupunguzia kitu kimoja mara mbili.

Kwa keshia nikasimama nikitazama kioo cha mashine, kama ninavyofanya siku zote. Tende zikapita kwa bei ya ofa. Unga ukapita kwa bei ya ofa. Mafuta: 965. La pili: 965.

“Dada, hayo mafuta yako kwenye ofa, 799.”

“Mashine ndiyo inavyosoma, mama.”

Yule binti sina ugomvi naye. Alikuwa mpole, na aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye ameshaambiwa maneno hayo tangu asubuhi. Nikampa namba ya kuponi tulimalize hilo kwanza, halafu turudi kwenye mafuta. Kuponi ikakataa. Kwa nini ikatae? Jumla ilikuwa imepita elfu tano. Toa tende, toa unga, nilikuwa bado na elfu nne na ushei. Akanigeuzia kioo nijionee: ukiondoa bidhaa za ofa, hujafika 3,000. Nikauliza ni bidhaa gani hizo za ofa. Akateremsha orodha kwa kidole. Tende. Unga. Mafuta, madumu mawili.

Naomba msome tena hapo. Wakati wa kunitoza, mafuta si ya ofa, lipa 965. Wakati wa kuhesabu kuponi, mafuta ni ya ofa, hayahesabiwi. Dumu lilelile, mashine ileile, risiti ileile. Kwenye bei wamechukua shilingi 166 kwa kila dumu, na kwenye kuponi wamechukua 200. Jumla 532. Sijui kama kuna njia nyingine ya kulieleza jambo hili isipokuwa kwamba mteja anakatwa pande zote mbili kwa kisu kimoja.

Akaitwa msimamizi, maana keshia hana ruhusa ya kubadilisha bei wala kufuta kitu kilichokwisha kupita. Akaja kijana mmoja, funguo shingoni, simu mkononi. Nikamwonyesha picha. Hakuitazama. Nasema hakuitazama, macho yake yalibaki kwenye foleni nyuma yangu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta ya pili:

“Mamangu, hizo mia tano ndizo unazozuilia watu wote hawa? Kama hazitoshi si urudishe tu.”

Kama hazitoshi. Mimi sikuomba kupunguziwa. Sikusema sina. Nilisema mmeandika 799, nitozeni 799. Hilo neno mpaka leo likinijia usiku linanitoa usingizi, kwa sababu ndilo linaloonyesha wanavyotufikiria sisi tunaonunua kwa ofa. Karatasi wanaichomeka wao. Ujumbe wanautuma wao. Mapambo wanatundika wao. Ukija kudai walichoandika, unakuwa mwombaji.

Mzee mmoja nyuma yangu, wa kanzu na bakora, akamwambia, “Kijana, hizo mia tano ni zake. Mrudishie au mwombe radhi.” Allah amlipe heri. Yule kijana akabadilisha sauti kidogo, akasema nilipe kwanza ili foleni isogee, tofauti nitarudishiwa pale kwenye meza ya huduma kwa wateja. Nikalipa kwa simu.

Pale mezani ndipo palinimaliza. Dada wa mezani akamtuma mvulana mmoja akaangalie rafu. Nikamfuata kwa macho. Akaenda, akachutama, akarudi na kitu cha njano kimekunjwa ndani ya kiganja. Akampa yule dada, yule dada akakitia kwenye droo, kisha akaniambia kwa uso mkavu, “Mama, pale hakuna karatasi ya ofa.” Mbele ya macho yangu. Nikatoa simu, nikafungua ile picha, nikaikuza mpaka tarehe zikasomeka. Hapo akanyamaza. Hakukana tena. Akasema watanirudishia, lakini kwa pointi, zitaingia kwenye kadi.

Pointi za nini? Nimelipa shilingi. Pointi zinanirudisha kwenye duka lilelile, nikanunue vitu vyao kwa bei ambayo sasa siiamini. Nikakataa. Akafungua daftari, akaandika jina, namba ya simu na namba ya risiti, akasema pesa zitakuja kwa M-Pesa ndani ya wiki. Ramadhani tumefunga yote, Idi tumekula, sita za Shawwal tumefunga, hakuna kitu. Nikipiga namba iliyo chini ya risiti inaita mpaka inakata.

Binamu yangu aliwahi kufanya kazi ya kupanga bidhaa kwenye maduka kama haya, akanieleza inavyokwenda, na ilinipoza kwa muda. Bei zinatoka makao makuu, zinaingia kwenye mashine usiku. Karatasi za rafu zinachapishwa na kubadilishwa kwa mkono na vijana wachache, mara nyingi kabla ya mlango kufunguliwa. Orodha ya kuponi ni orodha nyingine kabisa, inatengenezwa na watu wengine. Kwa hivyo inawezekana orodha ya kuponi ilishaambiwa kwamba mafuta yako kwenye ofa na orodha ya bei ikawa haijaambiwa. Basi. Si lazima awe mtu amekaa kupanga kuniibia. Naikubali hoja hiyo.

Ila niwaulize kitu. Siku moja sabuni ya unga ilipita kwenye mashine hiyo kwa bei ya chini kuliko ya rafu. Keshia akaona, akaita msimamizi, msimamizi akaja mbio, bei ikasahihishwa kabla sijafunga pochi. Hakuna daftari, hakuna meza ya huduma, hakuna wiki. Kumbe wanaweza. Kosa likiwaumiza wao linarekebishwa hapohapo, likimuumiza mteja linaandikwa kwa kalamu. Na ile karatasi iliyoingia kwenye droo haikuwekwa mle na mashine, iliwekwa na mkono wa mtu.

Tena hili si jambo la hisani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachonunua, haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa au huduma. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inasema wazi kwamba kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei ya bidhaa ni kosa. Kuna na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mamlaka ya Ushindani ipo, inapokea malalamiko. Nimeshaandika langu, na picha nimeambatanisha. Mtu akiniambia ni shilingi 532 tu, namuuliza: ni mama wangapi walichukua dumu lile siku ile bila kutazama kioo?

Nani anayemaliza kulipa foleni ikiwa imemsonga, akasimama kusoma risiti? Mimi ninayesoma nimeishia kutukanwa. Kwa hivyo wenzangu, piga picha karatasi ya bei pamoja na bidhaa yenyewe, si karatasi peke yake. Simama ulipo na uone kila kitu kikipita. Zile pakiti mbili zilizofungwa pamoja kwa gundi zigawanye kichwani kabla ya kutia kwenye toroli, nimeona zikiuzwa ghali kuliko moja moja. Bidhaa ya punguzo kubwa mno, igeuze uangalie tarehe ya kuisha. Na wakikwambia “lipa kwanza, tofauti utarudishiwa”, kitu kitolewe kwenye mashine palepale, foleni ingoje. Ukishalipa, maneno yao yanabadilika.

Sasa, niwape hukumu gani? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Halafu nikakumbuka bei ya unga, na zile tende, ambazo watoto walizimaliza kabla ya kumi la kwanza la Ramadhani kwisha. Kuna familia nyingi hapa mjini ambazo punguzo lile limewasaidia kweli, na siwezi kumwambia mama mwenye watoto sita aache unga wa bei nafuu kwa sababu mimi nimekasirika. Nendeni kwa tende. Nendeni kwa unga.

Hapana, nalo silisemi kwa moyo mmoja. Kila nikikumbuka ule mkono ukifunga droo, hata zile tende naziona zilikuwa chambo. Mimi sitarudi. Mafuta nanunua duka la jumla, kwa muuzaji ambaye bei anaitamka kwa mdomo wake na akishaitamka haibadiliki. Ni ghali kidogo kuliko 799. Ni rahisi kuliko 965.

Na meneja, kama haya yatakufikia: namba yangu mnayo, iko kwenye daftari la pale mezani pamoja na namba ya risiti. Tuma 532 kwa M-Pesa, si pointi. Na yule kijana wa funguo shingoni anipigie yeye mwenyewe aniombe radhi.