Umeme wa misuli umenisaidia sana, lakini kituo kile simtumi mtu

Niliwaahidi wenzangu wa kiti mwendo kwamba nikishaitumia baiskeli ya umeme wa misuli, ile ambayo mashine hupeleka umeme kwenye misuli iliyopooza ili miguu izungushe pedali, kwa muda wa kutosha nitaandika uzoefu wangu. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza kuandika namfikia yule kijana aliyekuwa akiniunganisha na mashine kituoni, na hasira inanipanda. Basi leo naanza naye yeye, tumalizane.

Jeraha langu la uti wa mgongo liko kwenye pingili ya nne ya kifua, T4 kwa maandishi ya daktari. Kuanzia kifuani kushuka sisikii joto, baridi wala kuchomwa. Mtu anayefanya kazi kwenye kituo cha tiba ya viungo hapaswi kusubiri mgonjwa amfundishe maana yake. Anatakiwa awe ameisoma kabla hajashika swichi.

Ilikuwa mwaka jana, katikati hivi. Vibandiko vya elektrodi, vile vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, alivyovitoa kwenye droo vilikuwa vimechoka, jeli imekauka, kingo zimejikunja, kimoja kina vinyweleo vya mtu mwingine. Nikamwambia, "Kaka, hivi havishiki vizuri." Akavilowesha maji kidogo, akavigandamiza kwenye mapaja yangu, akasema vinatosha. Havikutosha. Kibandiko kikishika ngozi chote, umeme unasambaa. Kikishika kona tu, umeme wote unajazana kwenye ile kona, kama maji ya bomba ulilolibana kwa kidole, na ngozi inaungua. Mwenye kuhisi angepiga kelele saa ileile. Mimi ninategemea macho, na macho yake yalikuwa kwenye simu.

Baada ya muda miguu ikapunguza mwendo. Hilo ni la kawaida kabisa. Ubongo ukiuamrisha msuli huzipokezanisha nyuzi zake, hizi zikifanya kazi zile zinapumzika. Umeme wa mashine unaziita zilezile, zote kwa pamoja, tena baada ya jeraha la uti wa mgongo nyuzi nyingi za miguu hugeuka kuwa za aina inayochoka haraka. Yeye badala ya kunipumzisha akaongeza miliampia, yaani nguvu ya umeme. Hakuinua hata taulo aone ngozi ikoje.

Ndipo kichwa kikaanza kunigonga. Jasho likanitoka usoni na shingoni, vinyweleo vya mikono vikasimama. Nikamwambia, "Zima, kuna kitu kinaniumiza huko chini." Akacheka. Akamgeukia mwenzake kwanza, ahakikishe naye anasikia, halafu akanijibu: "Dada, si ulisema husikii kitu huko chini? Sasa unaumia wapi?"

Wote wawili wakacheka, na mashine bado inazunguka.

Mwili wangu ulikuwa unajua, hata kama mimi sisikii. Neva zilizo chini ya jeraha ziko hai. Zilipeleka habari ya kuungua kwenye uti wa mgongo, mishipa ya damu ikajibana, presha ikapanda, na amri ya ubongo ya kuilegeza ikakwama kwenye jeraha. Kwa sisi wenye jeraha kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake hii ni dharura, inaweza kuleta kiharusi. Huletwa na kibofu kilichojaa, haja kubwa iliyokwama, nguo inayobana, hata ukucha ulioota ndani ya nyama, sembuse moto wa umeme! Alipokubali kunipima, presha ya juu ilisoma mia moja arobaini na kitu. Akasema, "Mbona iko sawa tu, watu wengi wanayo hiyo." Yangu siku zote huzunguka 100. Sisi tunahesabu ilivyopanda juu ya kawaida ya mtu mwenyewe, na kupanda kwa 20 hadi 40 kunatosha kupiga kengele. Hata hilo hakulijua, na mkono wake ndio uliokuwa kwenye mashine.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuguzi aliyepita mlangoni akauona uso wangu. Alizima, akanikalisha wima, akalegeza mkanda, akakagua mpira wa mkojo kama umejikunja, kisha akabandua vibandiko kimoja kimoja. Chini ya kile cha paja la kulia ngozi ilikuwa imeungua kwenye kona, imeanza kutoa lengelenge. Mama yule nampa sifa zote. Yule kijana hakusema hata pole. Pole tu, neno ambalo mtu humpa mpita njia aliyejikwaa.

Kidonda kwenye ngozi isiyohisi hakina haraka ya kupona. Kilikaa wiki nyingi, na muda wote huo sikuruhusiwa kubandika chochote pale. Misuli niliyoijenga kwa tabu ikaanza kupungua tena. Hapo ndipo uchungu wangu unapozidi, kwa sababu misuli ilikuwapo kweli.

Siwezi kuionea mashine. Siku ya kwanza mapaja yangu yalipokaza yenyewe na pedali zikazunguka, nilinyamaza nikitazama tu. Miguu iliyokuwa imebaki mifupa na ngozi ilinenepa. Makalio yakapata nyama ya kukalia, nami naogopa vidonda vya mgandamizo kuliko kitu kingine chochote. Usiku baada ya zoezi miguu ilikuwa haikakamai kama zamani, na nyayo zilikuwa na joto nikizigusa kwa mkono. Wapo wenye miguu kama yangu waliokwenda Zurich mwaka 2016 kwenye Cybathlon, mashindano ya watu wenye ulemavu wanaotumia vifaa vya teknolojia, wakashindana kwa baiskeli, misuli yao ikiendeshwa na umeme. Ninapowafikiria wale, hasira inatulia kidogo.

Ila msiuziwe ndoto. Umeme huu hauungi uti wa mgongo. Unapita kwenye ngozi, unaiamsha neva inayokwenda kwenye msuli, msuli unakaza, na swichi ikizimwa kazi imeisha. Watu hupenda kumtaja Nan Davis wa Ohio, Marekani, aliyepooza miguu, ambaye mwaka 1982 aliinuka akapiga hatua kwa umeme uliopangwa na kompyuta katika maabara ya mtafiti Jerrold Petrofsky, na mwaka uliofuata akatembea kwenda kupokea shahada yake. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini alitembea akisaidiwa na akiwa na waya mwilini, hakuwa amepona. Anayekuahidi kwamba utaacha kiti kwa sababu ya baiskeli hii anakudanganya. Na wenye neva za chini zenyewe zilizokufa, kama walioumia mkia wa uti wa mgongo, huenda wasione msuli ukitikisika kabisa kwa mashine za kawaida. Waombe wapimwe kwanza kabla hawajatoa hata senti.

Mimi hakuna aliyenipima mifupa. Miguu isiyobeba uzito hupoteza mifupa, hasa karibu na goti, na msuli uliochochewa kwa nguvu kubwa unaweza kuuvunja. Nilikuja kuuliza mwenyewe baadaye, nikaambiwa, "Tungekuambia." Mngeniambia lini?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nendeni, ila kwa tahadhari. Sasa nikikikumbuka kile kicheko nasema hapana, bora ukae nyumbani unyooshwe miguu na ndugu yako kuliko kulipwa dharau ukiwa na presha ya kukuua. Halafu nautazama mguu wangu wa kulia ulivyonywea, naona hapana nayo si sawa, maana tiba yenyewe haikunikosea kitu. Nimeirudia, mahali pengine, kwa mtaalamu mwingine. Dada huyo huikagua ngozi kabla na baada, hunipima presha kabla hajawasha, na amemwandikia kila mgonjwa jina kwenye mfuko wa vibandiko vyake. Nikimwambia kichwa kinauma, mkono wake unakwenda kwenye swichi kabla sijamaliza sentensi. Sikujua kama jambo hilo dogo lingeweza kunitoa machozi.

Kwa hiyo baiskeli ya umeme, ndiyo, kama jeraha lako linaikubali na daktari amekukagua. Kituo kile, hapana. Niliwaandikia barua ya malalamiko, nikaeleza presha, kibandiko na maneno niliyoambiwa, nikaambatisha picha ya paja. Walijibu kwamba wameshabadilisha vibandiko. Kuhusu kijana hawakuandika neno, na nimesikia bado yuko palepale anaunganisha watu.